Chenso ya Kuni: Usalama Unaanzia Dukani Kariakoo

Ndugu mfugaji, ng'ombe wakishauzwa mnada wa Pugu, safari ya Dar es Salaam huwa bado haijaisha. Wengi hupanda daladala hadi Kariakoo kununua mahitaji ya nyumbani kabla ya kurudi Chalinze, Kilosa, Kiteto au Handeni: mashuka, dawa ya kuogesha, bomba la kunyunyizia, sufuria, taa ya sola. Siku hizi katika mahitaji hayo ameingia mgeni mmoja mwenye makelele, chenso, yaani msumeno wa mnyororo. Kuni ambazo shoka lingezikata kutwa nzima, chenso inazimaliza kwa muda mfupi, na mama aliyezoea kuhangaika na magogo makavu hawezi kulaumiwa akiitamani.

Chenso hiyohiyo inaweza kufungua paja la mtu hadi kwenye mfupa kabla hajajua kwamba amekatwa. Cheni yake ikiwa kwenye resi kubwa hukimbia zaidi ya mita 20 kwa kila sekunde moja. Panga likikuteleza linakata mara moja tu. Cheni inapita na meno kwa makumi, na kila jino linaondoka na nyama yake, ndiyo maana jeraha la chenso huwa limechanika ovyo, ni gumu kushona, na hutoa damu nyingi. Aliyeumia Kariakoo yuko karibu na Muhimbili. Aliyeumia malishoni huenda zahanati iko mwendo wa saa mbili kwa pikipiki, na mshipa mkubwa wa paja ukikatwa hausubiri saa mbili.

Kwa sababu hiyo kipeperushi hiki kinaanza na Kariakoo, si na pori. Mambo mengi yatakayoamua kama utabaki na miguu yako yanaamuliwa mbele ya kaunta, fedha za ng'ombe zikiwa bado mkononi. Ukishafika nyumbani na mashine peke yake, bila buti wala suruali ya kinga, hutapanda tena basi kuja Dar es Salaam kwa ajili ya suruali. Utasema utakata hivyohivyo, kwa uangalifu. Karibu kila aliyeumizwa na chenso alikuwa anakata kwa uangalifu.

Je, unaihitaji kweli?

Tuseme ukweli kabla hujatoa fedha. Boma lenye jiko moja au mawili, linalochoma matawi makavu yanayookotwa, halihitaji chenso. Shoka zuri na msumeno wa mkono, ule wenye fremu iliyopinda kama upinde, vinatosha, havinywi petroli, na bei yake haifikii hata mbuzi mmoja mzuri. Chenso inaanza kuwa na maana pale familia kadhaa zinaposhirikiana, au kunapokuwa na magogo makubwa yaliyoangushwa na upepo, mafuriko au tembo. Hapo ni vyema mkanunua moja kwa pamoja, na mkachagua watu wawili tu wa kuitumia. Mashine inayoguswa na kila kijana wa kitongoji ndiyo inayoumiza, kwa kuwa hakuna anayejua aliyeitumia jana aliiacha katika hali gani.

Pia pita kwanza ofisi ya kijiji na ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, ya wilaya yako, uulize utaratibu wa vibali. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 haikuandikwa kwa ajili ya wachoma mkaa peke yao. Ukikutwa unakata mti uliohifadhiwa, au umeingia na chenso ndani ya msitu wa hifadhi bila kibali, unaweza kupoteza mashine na kufikishwa mahakamani. Kipeperushi hiki kinazungumzia kukata miti iliyokwisha anguka na kukauka. Kuangusha mti mkubwa uliosimama ni kazi nyingine, ina mafunzo yake, na hatukufundishi hapa kwa makusudi. Isitoshe mgunga uliosimama unawapa mifugo kivuli na maganda ya kula kiangazi. Ukiukata, unapika siku chache, halafu mbuzi wanabaki juani.

Ukiwa Kariakoo

Ukishuka Msimbazi au Gerezani, hutafika mbali kabla winga hajakushika mkono na kukuita mjomba. Kazi yake ni kukupeleka kwenye duka litakalompa chochote, na anajua lugha ya kila mteja. Msikilize ukipenda, lakini usinunue duka la kwanza. Tembea maduka matatu au manne ya zana na vipuri, uliza maswali yaleyale, linganisha majibu. Duka ambalo muuzaji wake hawezi kukuonyesha breki ya cheni iko wapi, toka.

Kuna chenso za bei ndogo ambazo rangi na umbo lake vimeigwa kutoka kampuni zinazojulikana. Nyingine zinafanya kazi, nyingine hazidumu hata masika moja. Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba penye kupunguza gharama mara nyingi hupunguzwa vile visehemu vya usalama ambavyo mnunuzi havijui. Kwa hiyo vijue wewe. Mbele ya mpini wa mbele kuna ngao ya plastiki inayosukumika. Hiyo si pambo la kuzuia majani, ndiyo breki ya cheni. Isukume mbele, isikike ikibana "ka!", kisha jaribu kuivuta cheni kwa mkono wenye glavu: isitembee hata kidogo. Irudishe nyuma, cheni itembee. Kwenye mpini wa nyuma kuna kifyatuo cha resi, na juu yake kuna kifuli kidogo kinachobonyezwa na kiganja. Bila kubonyeza kifuli hicho, kifyatuo kisikubali kuvutwa. Kikikubali, usinunue. Chini, karibu na pale cheni inapoingilia mashine, kuna kijino cha kuidaka cheni ikikatika. Mipini isishikane na injini moja kwa moja, pawe na mipira au springi katikati ya kupunguza mtetemo. Na kwenye bomba la moshi pawe na wavu mdogo wa kuzuia cheche, ambao tutauzungumzia tena mbele maana unahusu malisho yako.

Urefu wa ubapa, yaani kile chuma ambacho cheni huzunguka juu yake, ni jambo ambalo wauzaji wengi watakushauri vibaya. Watakuonyesha wa inchi 22 au 24 na kusema huu ndio wa mwanamume. Huo ni wa wapasua mbao. Kwa kuni, inchi 14 hadi 16 zinatosha: mashine ni nyepesi, mikono haichoki upesi, na ncha ya ubapa haiendi kugusa vitu usivyoviona upande wa pili wa gogo.

Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako. Ikishatulia bila kuvutwa resi, tazama cheni: isimame kabisa. Cheni inayozunguka yenyewe wakati injini inapumua inahitaji kurekebishwa kabla hujaondoka. Dai risiti ya EFD, na andika nyuma yake jina la duka na mtaa, kwa kuwa Kariakoo ni kubwa na baada ya miezi miwili hutakumbuka kama lilikuwa Nyamwezi au Sikukuu. Nunua papo hapo cheni ya akiba inayolingana na ubapa wako, na tupa ya duara ya kunolea yenye unene unaolingana na meno ya cheni hiyo. Muuzaji akupimie, usikisie.

Njiani kurudi, mashine iwe haina petroli hata tone, na ubapa uwe ndani ya ala yake. Petroli utanunua kwenu. Galoni ya petroli ndani ya basi lenye abiria 60 ni hatari kwa watu ambao hawajui hata jina lako.

Lubega, katambuga na shanga

Hapa ndipo tunapowaomba wafugaji watusikilize kuliko mahali pengine popote. Vazi letu ni zuri na lina heshima yake, lakini halikutengenezwa kwa ajili ya kazi hii. Lubega inapepea. Ukiinama, ncha yake inafika mahali cheni ilipo, na cheni ikishaipata haiachi kuivuta, inakuja pamoja na wewe. Shanga ndefu za shingoni, vikuku na nywele ndefu za kusuka za vijana wa moran ni hivyohivyo. Siku ya kuni, vua au funga vyote hivyo. Katambuga nazo, hata ziwe za tairi gumu kiasi gani, zinaacha vidole vyote wazi. Mguu wa kushoto ndio unaosimama mbele wakati wa kukata, na ndio unaopokea cheni inapoteleza.

Kinachohitajika kwanza ni buti zenye chuma kwenye vidole na soli isiyoteleza. Maduka ya vifaa vya usalama kazini yapo Kariakoo, na wenye subira hupata buti imara za mitumba pale Karume kwa bei nafuu. Pili ni kofia ngumu yenye wavu wa uso na viziba masikio. Kelele ya chenso huzidi desibeli 100, wakati wataalamu wa afya ya kazi huanza kuhofia masikio kuanzia 85 kwa kazi ya kutwa. Mtu wa mjini akipoteza usikivu kidogo ataongeza sauti ya redio. Mfugaji anayelala na mifugo anahitaji kusikia kengele ya ng'ombe aliyetoka nje ya boma usiku na fisi anayenyata. Masikio yakishaharibiwa na kelele hayatibiki.

Tatu ni suruali ya kinga, na hii ndiyo watu huiruka. Ndani yake ina tabaka za nyuzi ndefu maalumu. Cheni ikigusa, inazivuta nyuzi hizo nje, zinajisokota kwenye gia ya chenso na kuisimamisha kabla haijafika kwenye ngozi. Jinzi nzito haifanyi hivyo. Ngozi ya ng'ombe haifanyi hivyo. Si kila duka linayo, uliza hadi uipate au mwagize muuzaji akuletee. Ukiikuta kwenye mitumba, hakikisha haina mahali palipokwisha chanwa na cheni, kwani ikishafanya kazi yake mara moja mahali hapo hapana kinga tena.

Ushauri wetu ni huu: usihesabu bei ya chenso, hesabu bei ya chenso pamoja na buti, kofia na suruali. Kama fedha hazitoshi vyote, nunua mavazi safari hii na mashine safari ijayo. Najua hakuna anayependa kurudi nyumbani kutoka mjini na suruali badala ya mashine.

Mafuta na moto wa malisho

Chenso nyingi hutumia petroli iliyochanganywa na oili ya injini za tu-stroku. Kipimo kimeandikwa kwenye kijitabu au kwenye kifuniko cha tangi. Ikiwa ni 50 kwa 1, lita moja ya petroli inachukua mililita 20 za oili, na lita tano zinachukua mililita 100. Ikiwa ni 25 kwa 1, mara mbili ya hapo. Tangi la pili ni la oili ya kulainisha cheni. Cheni kavu hupata moto, hulegea, na inayolegea huruka nje ya ubapa.

Usijaze mafuta injini ikiwa ya moto. Zima, subiri kama dakika kumi, jaza mahali pasipo na majani makavu, futa yaliyomwagika, kisha sogea angalau hatua tano kutoka hapo ndipo uwashe. Asiwepo mwenye sigara. Chombo cha petroli kiwe na mfuniko unaokaza na kisiwe chupa ya maji ya kunywa, maana mtoto mwenye kiu haulizi.

Kati ya Julai na Oktoba, majani yakiwa yamekauka, cheche moja kutoka kwenye bomba la moshi inaweza kuteketeza malisho ambayo mifugo ya kijiji kizima ilitegemea hadi mvua za vuli. Ule wavu wa kuzuia cheche usitolewe, hata fundi akikuambia mashine itapata nguvu zaidi bila wavu. Usiiweke chenso ya moto juu ya majani, iweke kwenye udongo mtupu au juu ya gogo. Na kabla ya kuondoka, kaa kidogo uangalie kama kuna moshi popote ulipokatia.

Kuwasha

Vijana hupenda kuiwasha ikiwa inaning'inia mkononi, wakiiangusha huku wakivuta kamba. Inapendeza kutazama, lakini mashine inayozungushwa hewani na mkono mmoja inaweza kuwaka huku cheni ikielekea kwenye goti. Iweke chini mahali safi. Funga breki ya cheni. Mkono wa kushoto ushike mpini wa mbele, ncha ya buti ya kulia ikanyage ndani ya mpini wa nyuma, halafu vuta kamba kwa mkono wa kulia. Breki unaifungua pale tu unapokuwa tayari kukata. Unapohama hata hatua chache, ifunge tena. Ukienda mbali zaidi, zima kabisa.

Teke la chenso

Kila aliyefuga punda anajua kwamba teke halitangazwi. Chenso nayo inarusha teke, na linatoka mahali pamoja: sehemu ya juu ya ncha ya ubapa. Ncha hiyo ikigusa kitu kigumu, iwe tawi lililojificha, jiwe, au gogo la nyuma, cheni inakwama kidogo na nguvu yote inageuka kuisukuma mashine juu na nyuma, kuelekea uso, shingo na bega la aliyeishika. Inatokea haraka kuliko jicho linavyopepesa. Hakuna mtu mwenye wepesi wa kulikwepa, hata awe hodari wa kurusha mkuki.

Linalokuokoa ni ulivyojiweka kabla. Shika kwa mikono miwili wakati wote, kidole gumba cha kushoto kikiwa kimezunguka chini ya mpini wa mbele, si kimelala juu pamoja na vidole vingine. Hata mwenye kutumia mkono wa kushoto ashike hivyohivyo, kwa kuwa mashine imetengenezwa kwa namna hiyo. Simama kidogo upande wa kushoto wa mashine, ili ikipanda ipite pembeni ya bega na si katikati ya uso. Ukishika vizuri, mkono wako wa mbele, au uzito wa ile ngao yenyewe, utaisukuma breki na cheni itasimama. Usikate kitu kilicho juu ya bega lako. Usipande mtini na chenso, wala usisimame juu ya ngazi. Usiichome ncha ndani ya rundo la matawi usilolionyesha jicho kwanza.

Jino butu huongeza hatari hii, kwa sababu unaanza kuisukuma mashine kwa nguvu badala ya kuiacha ijikatie. Tazama kinachotoka: cheni kali hutoa vipande vidogo vya mti, cheni butu hutoa vumbi kama unga. Ukiona unga, zima na unoe.

Gogo lina nguvu ndani yake

Mti ulioanguka unaonekana umelala tu, lakini uzito wake umeupinda na upindo huo unasubiri nafasi. Chukua fimbo mbichi, ipinde kwenye goti. Upande mmoja unabanwa, upande wa nje unavutwa. Gogo liko vivyo hivyo, na kosa la wengi ni kuanza kukata upande wowote ulio karibu. Ukikata upande uliobanwa hadi ndani, mti unaubana ubapa na mashine inakwama. Ukikata kwa pupa upande uliovutwa, gogo linapasuka na kuruka.

Gogo lililoegemea ncha zote mbili, kama kitanda kwenye matendegu, limebanwa juu. Kata kutoka juu hadi theluthi moja, kisha malizia kutoka chini ukipanda. Gogo lililoegemea upande mmoja na upande wa pili unaning'inia limebanwa chini. Hapo anza chini kwa theluthi moja, malizia kutoka juu. Kumbuka kwamba ukikata kwa upande wa juu wa ubapa mashine inakusukuma nyuma, na ukikata kwa upande wa chini inakuvuta mbele. Miguu iwe imepangika kabla.

Kwenye mteremko, simama upande wa juu wa gogo, maana kipande kikikatika kinabingirika kuelekea chini na hakiulizi nani yupo. Usikate gogo lililolala chini hadi mchangani. Cheni ikigusa udongo mara moja imekuwa butu. Kata karibu yote, ligeuze, malizia upande wa pili, au weka vijiti chini yake kwanza. Mti wa zamani karibu na boma ukaguliwe misumari na waya wa uzio. Mti wenye tundu ugongwe kwa shoka kwanza na usikilizwe, kwani nyuki wakitoka ukiwa na mashine inayonguruma mikononi huna mkono wa kujikinga wala masikio ya kuwasikia mapema.

Migunga na mathenge vina shida yao. Wenzetu wa Baringo nchini Kenya, ambako mathenge ulivamia malisho, wanajua kwamba shina hutoka mengi kwa pamoja, yamesukana, na ukikata moja jingine linafyatuka likiwa na miiba. Punguza matawi madogo kwa panga kwanza mpaka uone vizuri unachokata.

Mbuzi wanajua sauti ya mti

Vitabu vingi vya chenso vimeandikwa nchi ambazo mbuzi hawafiki kwenye kazi. Kwetu, mfugaji hukatia mbuzi matawi wakati wa kiangazi, na mbuzi wamejifunza. Wakisikia tawi linavunjika wanakuja mbio, na nyuma yao anakuja mtoto anayewachunga. Wewe una viziba masikio, umeinama, huwasikii. Kwa hiyo siku ya chenso kundi lipelekwe upande mwingine kabisa wa malisho, na asiyekata asikaribie ndani ya hatua 15. Anayekusanya vipande asubiri mashine izimwe. Akitaka kukuita asikuguse kwa nyuma kamwe. Apite mbali, aje mbele yako ambapo utamwona, anyanyue mkono.

Wakati huohuo usikate peke yako. Awepo mtu mzima umbali wa kuonana, mwenye simu yenye chaji na anayejua mtandao unapatikana wapi, kwenye kilima gani. Pikipiki iwepo au namba ya bodaboda iwe kwenye simu hiyo. Pumzika mara kwa mara. Mtetemo ukikaa mikononi muda mrefu huleta ganzi ya vidole, na vidole vyenye ganzi haviwezi kushika teke. Aliyekunywa pombe, hata kidogo, leo si siku yake.

Mtu akikatwa

Zima mashine kwanza. Mlaze chini. Bonyeza jeraha kwa nguvu kwa mikono yote miwili ukitumia kanga au shuka safi, na usiinue kuchungulia. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake. Kama ni mkono au mguu na damu inaendelea kuruka au kutiririka licha ya kubonyeza, funga kitambaa kipana juu ya jeraha, upande wa moyoni, umbali wa kama vidole vinne kutoka jeraha na si juu ya kiungo. Pitisha kijiti imara kwenye fundo na ukizungushe mpaka damu ikome, kisha ukifunge kijiti kisirudi. Ataumia sana, na atakuomba ulegeze. Usilegeze. Angalia saa, na uandike muda huo kwa kalamu au mkaa kwenye ngozi yake, ili mganga auone.

Usiweke majivu, sukari, mafuta ya taa, majani wala kinyesi cha ng'ombe. Hili la kinyesi tunalisema kwa mkazo. Vijidudu vya pepopunda huishi kwenye udongo na kwenye kinyesi cha ng'ombe, punda na farasi, na boma lote limejaa hivyo. Jeraha lililochanika na lenye vumbi la mbao ndani ndilo vinalolipenda. Usimpe chakula wala kinywaji, kwani huenda akahitaji kupasuliwa. Mfunike asipate baridi. Piga simu mbele kwenye kituo cha afya wajue anakuja, na mtu akae naye nyuma ya pikipiki amshike, au itafutwe gari.

Jeraha likiwa dogo pia apelekwe. Kituoni aulizwe chanjo ya pepopunda aliipata lini, na kama haikumbuki aseme hivyo bila aibu. Wahudumu watampa inayomfaa, na wakimwambia kuna dozi nyingine mbele, aandikiwe tarehe kwenye karatasi ambayo mama wa nyumba ataitunza pamoja na kadi za kliniki za watoto.